Sijaacha Kazi, Ni Apdeti Tu Iligoma

Kabla hujanifuata inboksi kuniuliza kama ni kweli: hapana, sijaacha kazi. Nipo. Nakalia kiti kilekile, natumia kompyuta ileile, ila tangu juzi nikiingia ofisini natazama viatu vya watu. Sura sizitaki.

Kuna rafiki yangu mmoja, ambaye mpaka juzi asubuhi nilikuwa namwita ndugu, kasambaza toleo lake kila mahali. Kalipeleka hadi kwenye grupu la tuliosoma pamoja, grupu lililokuwa limeshajifia, habari yangu ndiyo imelifufua. Anasema, namnukuu: "Jamaa kaacha kazi laivu akiapdeti Windows." Ubaya wa huyu bwana ni kwamba hadanganyi mia kwa mia. Kila neno kwenye hiyo sentensi yake lina kapunje ka ukweli. Sasa tulieni niwaeleze mwenyewe. Na wewe unayecheka kabla sijaanza, nimekuona.

Kwanza mjue mimi si mtu wa kompyuta. Barua yangu ya ajira haina neno hilo. Ila kuna siku printa ya ofisi iligoma, nikachomoa waya, nikauchomeka tena, printa ikatapika karatasi, na tangu hapo nikawa "fundi". Cheo cha namna hiyo hakina mshahara lakini kina utamu wake, sikukikataa. Kwa hiyo mkuu wetu wa idara, mama mmoja mpole ambaye upole wake ndio unaotisha, aliposema tunahitaji nusu saa ya mafunzo ya usalama wa kompyuta kwa njia ya mtandao, macho yote yakaja kwangu. Nikasema, "Niachieni mimi."

Mada nilichagua mwenyewe: umuhimu wa kuapdeti.

Na nilijiandaa, jamani, msinionee. Slaidi ya kwanza ilikuwa WannaCry, ile programu ya kuteka mafaili na kudai fidia iliyovamia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 mwezi Mei 2017, mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Na kumbe kiraka cha kuziba tundu ililopitia kilikuwa kimeshatolewa Machi mwaka huohuo, kinangoja tu watu wakifunge kwenye kompyuta zao. Slaidi ya pili nikaeleza kwa nini viraka vya Windows huja Jumanne ya pili ya kila mwezi. Nikamalizia kwa sentensi niliyoipenda sana: "Ndugu zangu, apdeti haigomi, anayegoma ni mwenye kompyuta." Hiyo sentensi rafiki yangu ameshaifanyia stika.

Sasa upande wa pili wa habari ni kwamba mimi na mashine yangu tulikuwa hatuelewani muda mrefu. Kulikuwa na sasisho moja, KB5034441, linajipakua vizuri, linaanza kujifunga vizuri, halafu linaniletea mstari mwekundu: kosa 0x80070643. Nabonyeza Jaribu Tena. Linapakua, linafunga, jekundu. Na hiyo namba ukienda kuitafuta maana yake, unaambiwa maana yake ni kwamba ufungaji umeshindikana. Ni daktari anayekupima damu, mkojo na mapigo ya moyo, halafu anakuandikia kwenye cheti: "Anaumwa."

Usiku wa kuamkia mafunzo nikasema leo ama zangu ama zake. Nikafungua lile dirisha jeusi la amri, ambalo nakiri nalipenda kwa sababu mtu akipita nyuma yako anadhani unadukua benki. Nikapiga sfc /scannow, ikapekua mafaili yote ya mfumo ikasema haijaona ubovu. Nikaita DISM, amri ya kukarabati mfumo, na mkia wake wa RestoreHealth, ikaenda mpaka asilimia 62.3 ikaganda hapo. Muda unapita, 62.3. Nikaenda kuoga nikarudi, 62.3. Nilipokata tamaa na kunyanyua mkono niizime, ikaruka hadi 100 na kusema kazi imekamilika. Nikasimamisha huduma za apdeti, wuauserv na bits, nikalibadilisha jina folda la SoftwareDistribution likawa SoftwareDistribution.old, nikawasha huduma tena.

Nikafungua ukurasa wa masasisho. Mweupe! Hakuna nyekundu, hakuna historia ya kufeli, hakuna kitu. Nikalala usingizi wa washindi.

Wajuzi mnaosoma hapa mmeshaanza kutikisa vichwa. Ndiyo. Folda lile ndilo linalotunza kumbukumbu za masasisho. Ukilibadilisha jina, ugonjwa unabaki palepale, faili la mgonjwa ndilo linapotea. Lakini haya nayajua leo.

Asubuhi tukaingia kwenye mkutano, watu zaidi ya arobaini, maana mama alialika na idara jirani waje wafaidike. Nikashea skrini, nikapita slaidi zangu, WannaCry ikawatisha ipasavyo, sentensi yangu ikapigiwa makofi ya emoji. Hapo ningesema ahsanteni, ningekuwa shujaa mpaka leo. Ila ule utamu wa ufundi ukanipanda kichwani. Nikasema, "Sasa ngojeni niwaonyeshe kwa vitendo, hata dakika mbili hazifiki."

Nikabonyeza Tafuta Masasisho.

Vile vidoti vikaanza kuzunguka. Nikawa naongea kujaza ukimya: hapa inawasiliana na seva, hapa inalinganisha kilichopo na kinachokosekana. Likatokea. KB5034441. Nikalitambua kabla halijamaliza kujichora kwenye skrini. Inapakua. Inafunga. Na mimi hapo sauti imeanza kupungua, naeleza taratibu kwamba ni kawaida kuchukua muda. Jekundu.

Kimya. Halafu nasikia sauti ya mama: "Kijana wangu, hiyo nyekundu ndiyo inavyotakiwa?"

"Hapana, Mama. Yaani ndiyo. Ni hatua ya mwanzo."

Hatua ya mwanzo! Nikabonyeza Jaribu Tena huku nikisoma dua zote. Jekundu. Nikawaambia, "Nipeni dakika moja, kuna kitu kidogo nakirekebisha," na nikazima kamera.

Kamera, wapendwa wasomaji. Nikaiona sura yangu imetoweka kwenye kile kiboksi, nikaamini nimetoweka mzima mzima. Skrini ilikuwa bado inasheiwa. Maiki ilikuwa bado iko wazi. Nikavua hedifoni ili nifikiri vizuri, nikaziweka mezani.

Kuanzia hapa nitakwenda polepole, kwa sababu ndivyo nilivyokwenda mimi, na watu zaidi ya arobaini nyuma yangu.

Nikafungua kivinjari. Kwenye kisanduku cha kutafutia nikaandika: "0x80070643 suluhisho la haraka." Nikafuta. Nikaandika: "0x80070643 suluhisho la haraka sana niko mbele ya watu." Mnajua mtu akiwa peke yake anaandikaje. Likaja jibu la kwanza: hakikisha una nafasi ya kutosha. Nikasema kwa sauti, "Ahaa, kumbe ni njaa ya nafasi tu, mama yangu, si ungesema." Hapo nilikuwa naongea na kompyuta. Mama mwenyewe, nimeambiwa baadaye, aliitikia.

Nikaangalia diski C, imejaa kweli. Nikajua pa kupunguza. Kwenye uso wa kompyuta yangu kuna folda linaitwa MAMBO YANGU. Nikalifungua. Na kwa kuwa natafuta vitu vizito, nikapanua dirisha lijae skrini nzima na picha zikawa kubwa, zile za kuonekana vizuri.

Video ya kwanza juu kushoto: mimi, nimevaa tai na kaptula, najizoeza mbele ya kioo kuomba nyongeza ya mshahara. Jina la faili: "Nyongeza_jaribio_nimelia_kidogo". Hiyo nikaipeleka. Shift na Delete, bila kupitia pipa la taka, kishujaa. Iliyofuata ileile, tai tofauti. Nikaipeleka. Hedifoni pale mezani zinatoa kelele nyembamba nyembamba, nikadhani watu wanapiga soga wakinisubiri. Simu ikaanza kutetema. Nikaona jina la huyu rafiki yangu na ujumbe wenye herufi kubwa tupu, nikasema huyu naye kila siku utani, nikaigeuza kifudifudi.

Nikashuka chini. Na chini, yamepangana vizuri, yamekaa haya:

"Barua_ya_kuacha_kazi".
"Barua_ya_kuacha_kazi_ya_hasira".
"Barua_ya_kuacha_kazi_ya_upole".
"CV_mpya".
"CV_mpya_ya_kweli".

Mshale wangu ukafika kwenye barua ya hasira ukasimama. Ukatokea ule mstatili mdogo wa kueleza ukubwa wa faili na tarehe liliporekebishwa. Tarehe ilikuwa ya karibuni. Karibuni sana, wasomaji. Siku ya kikao cha tathmini, kikao ambacho mama mwenyewe alikiendesha.

Na ningeweza kunyamaza. Mtu anayefuta mafaili hahitaji hotuba. Lakini mimi, kwa sauti safi, maiki iko wazi, nikatamka: "Hizi barua tuziache kwanza. Kesho hatuijui."

Nikaendelea kufuta. Nikafuta video zingine, nikafuta michezo, nikaangalia diski, nafasi imepatikana tele. Nikarudi kwenye masasisho, Jaribu Tena, nikafunga macho. Nikafungua.

Jekundu. 0x80070643.

Nikavaa hedifoni niwaambie kwamba tatizo ni la mtandao. Nikakuta kimya ambacho sijawahi kukisikia kwenye mkutano wa watu wengi kiasi kile. Hakuna anayekohoa. Kisha sauti ya mama, taratibu kabisa: "Mwanangu, ile ya upole hebu ifungue tuisome wote."

Damu ikanihama. Nikaangalia juu ya skrini, nikauona ule mkanda unaosema unashea. Mkono ukaganda juu ya kipanya, ulimi ukatafuta neno, na neno pekee lililopatikana, mbele za watu, katikati ya mkutano, likawa:

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ya pili hiyo leo."

Hapo ndipo walipopasuka. Wote. Idara jirani wakafungua maiki kwa makusudi ili nisikie.

Yaliyobaki hayana uzito. Mkutano uliahirishwa, nilijifungia chooni kidogo, rafiki yangu akaja na kompyuta yake kunifariji, kumbe picha za skrini alishazipiga kabla hata ya kunitumia ule ujumbe. Ila haki yake nampa: ndiye aliyenionyesha ugonjwa wenyewe. Nafasi iliyokuwa inatafutwa haikuwa ya diski C hata chembe. Windows inakuwa na patisheni yake, yaani kipande cha diski kilichotengwa, ndogo iliyojificha, ya mazingira ya uokoaji, ndiyo inayotumika mfumo ukishindwa kuwaka. Hilo sasisho, lililotoka tarehe 9 Januari 2024, lilikuwa linakwenda kukaa humo, na lilikuwa linataka MB 250 zilizo wazi humohumo. Patisheni yangu ilikuwa ndogo, basi. Ningefuta C yote nikabaki na karatasi ya ukutani, bado lingegoma. Na tatizo lilishaelezwa hadharani siku nyingi, pamoja na dawa yake.

Dawa yenyewe ni fupi. Unazima uokoaji kwa reagentc /disable, unaingia diskpart, programu ya kugawa diski, unapunguza C kwa MB 250, unafuta ile patisheni ndogo, unaiumba upya ikiwa kubwa zaidi, unairudisha kazini kwa reagentc /enable. Lakini nawaomba kwa heshima: hifadhi vitu vyako pembeni kwanza, na soma namba ya patisheni kwa utulivu kabla ya kubonyeza, maana diskpart haikuulizi "una uhakika?". Ukiiambia ifute, inafuta. Mimi aliyeniendeshea ni rafiki yangu, mkono wangu ulikuwa bado unatetemeka. Sasisho likaingia palepale, bila kelele, na tiki ya kijani. Video zangu za tai na kaptula ndizo hazikurudi, na kusema kweli zote mbili nilizipenda.

Mnaouliza kama barua ya upole ilisomwa: haikusomwa. Mama aliniita jioni ofisini kwake, akanikaribisha kiti, akaniuliza kuhusu kazi kwa ujumla, nikajibu kwa ujumla. Ya hasira hakuigusia kabisa, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nilipofika mlangoni akaniambia wiki ijayo kuna sehemu ya pili ya mafunzo, na mkufunzi ni mimi tena. Mada safari hii kachagua yeye: namna ya kuyapa mafaili yako majina.