Manukato ya Chumba 214

Mgeni anayevuta sigara chumbani haumbuliwi na moshi. Anaumbuliwa na usafi. Tangu afike hajagusa dirisha, leo saa nane za usiku liko wazi hadi mwisho. Feni ya bafuni inanguruma, maji hayasikiki kumwagika. Taulo limelowanishwa na kusokomezwa chini ya mlango kwa ndani, ncha yake inachungulia koridoni. Ukiona hivyo nawe uko zamu ya usiku, jua kazi imekufuata.

Usiku ule kazi ilinifuata kwa simu kutoka chumba 216.

"Kaka, mimi ni mjamzito," akasema mama mmoja kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuvumilia ya kutosha, "na bafu langu linavuta sigara."

Nilimwelewa. Kwenye jengo letu, kama kwenye hoteli nyingi, bafu za vyumba vinavyopakana hutoa hewa kupitia bomba moja. Mvutaji hujifungia bafuni, akawasha feni, akapuliza juu, akajiona profesa. Moshi unapanda kweli, kisha unateremkia kwa jirani. Nikamwomba mama wa watu radhi, nikamwahidi chumba kingine ghorofa ya chini, halafu nikaenda kumtafuta Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa ndiye msimamizi wa wahudumu wa vyumba. Jina hilo tunalitumia akiwa hayupo. Akiwepo ni "Mama" tu. Usiku huo alikuwa bado kazini kwa sababu mashine ya kufulia ilikuwa imegoma na yeye haondoki akaacha mashuka yamelala kwenye maji. Huyu mama ana pua. Atasimama mlangoni pa chumba kilichosafishwa na kupuliziwa marashi, atavuta hewa mara moja, atakwambia kilivutiwa kitandani au dirishani. Meneja wetu aliwahi kutusomea kwenye mafunzo kwamba watafiti wa California walipima hoteli zinazotenga vyumba vya wavutaji, wakakuta nikotini hadi kwenye vyumba vya wasiovuta. Bi Mkubwa akauliza watafiti hao walilipwa kiasi gani, kwa kuwa yeye angewaambia bure.

Wageni hudhani tunawachukia. Bi Mkubwa hachukii mtu, anachukia mapazia. Mgeni anasema "ni moja tu, nimefungua dirisha," lakini nikotini haiondoki na upepo. Inaganda kwenye zulia, kwenye godoro, ukutani, hadi kwenye chujio la kiyoyozi, kisha inajirudisha hewani kidogo kidogo wakati mvutaji mwenyewe yuko kwao amelala. Kuiondoa ni kufua mapazia, kusugua zulia, kufuta kuta, kubadili chujio, halafu kuingiza mashine ya ozoni chumba kikiwa kitupu na kimefungwa, maana ozoni nayo si kitu cha kuvuta, kisha kufungua madirisha na kungoja. Muda wote huo chumba hakiuzwi. Ndiyo maana kuna ile ada ya usafi kwenye fomu ambayo kila mgeni husaini bila kusoma.

Tukapanda. Taratibu zetu ni kwamba hatuendi mmoja, hatuingii bila kukaribishwa labda kuwe na hatari, na kamwe hatusemi "unavuta sigara." Tunasema "tumepata taarifa ya harufu," kana kwamba harufu ni mtu wa tatu anayetusumbua sote.

Nikagonga. Kimya. Nikagonga tena. Choo kikavutwa maji. Kimya kidogo, kikavutwa tena. Bi Mkubwa akaniangalia, akanong'ona, "Vinaelea." Kila mvutaji hugundua jambo hilo akiwa amechelewa: kipisi chenye kichungi hakikubali kuzama. Unavuta maji, kinazunguka, kinarudi juu kukuangalia. Choo kikalia mara ya tatu, halafu mlango ukafunguliwa.

Alikuwa mzee wa heshima, joho la kuogea limefungwa vizuri, nywele kavu kabisa. Akatoka na wingu la manukato lililonifanya nirudi nyuma.

"Karibuni, wanangu. Kuna tatizo?"

"Shikamoo mzee. Tumepata taarifa ya harufu."

"Marahaba. Harufu gani?"

Bi Mkubwa hakujibu. Alikuwa anatazama dari. Nami nikatazama. Kitambua moshi kilikuwa kimevalishwa kofia ya kuogea, zile za plastiki tunazoweka bafuni karibu na sabuni. Imevutwa vizuri pande zote, mpira umekaza, kazi safi kabisa. Sisi wenyewe ndio tunaowapa wageni vifaa vya kutuhujumu, tena bure, na zikiisha tunaongeza.

"Na ile kofia, mzee?"

"Ile taa nyekundu inakonyeza usiku kucha. Silali." Akaona haijatosha. "Sijavuta mimi. Lakini hata kama ningevuta, kijana, chumba cha hoteli ni nyumba ya mtu. Ireland mwaka 2004 walikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku sigara kazini kote, na vyumba vya kulala vya hoteli waliviacha. Walikuwa na akili zao."

Mtu ambaye hajavuta hana sababu ya kuijua sheria ya Ireland saa nane usiku. Lakini nami nimepitia mafunzo. "Mzee, mwaka 2006 Westin walifuta vyumba vya wavutaji kwenye hoteli zao zote za Marekani, Kanada na Karibi."

"Kwani hapa ni Westin?"

"Kwani hapa ni Ireland?"

"Nyinyi wawili," Bi Mkubwa akasema, "shusheni ile kofia."

Hapo hakukuwa na mjadala. Kitambua moshi kilichofunikwa ni hatari kwa jengo zima, hakisubiri asubuhi. Chumbani kulikuwa na kiti kimoja kirefu cha kutosha, kile cha mezani, chenye magurudumu. Bi Mkubwa akakishika kwa mikono miwili, nikapanda. Akaniambia ningoje kwanza apige picha ya ushahidi. Akaachia mkono mmoja, akatoa simu, akapiga. Nikaivua kofia. Kiti kikayumba, nikahitaji mikono yote miwili kushika pazia, nikaiweka kofia mahali pa pekee palipokuwa karibu na wazi: kichwani kwangu.

Mzee naye, kwa wema wake, akaona atusaidie. "Ngojeni niondoe hiyo harufu mnayoisema." Akachukua chupa ya manukato mezani, akapuliza juu. Si mara moja. Alipuliza kama anayemwagilia bustani, na bustani yenyewe ilikuwa pale nilipokuwa nimesimama.

Ndani ya kile kisahani cha darini kuna taa ndogo na jicho, vimepangwa visionane. Hewa ikiwa safi, mwanga unapita zake. Chembe zikiingia, mwanga unatawanyika, unaligonga jicho, kengele inalia. Jicho halina elimu ya kutofautisha moshi na manukato, wala mvuke wa maji ya moto, wala ule wa sigara za kielektroniki. Linajua chembe tu. Na chembe zilikuwa nyingi.

King'ora kikalia nikiwa nacho sikioni. Bi Mkubwa akaziba masikio yake, maana yake akaachia kiti, nami nikasafiri nacho hadi mlango wa bafu. Huko nje jengo lilikuwa limeanza kujiendesha lenyewe: lifti zote zikateremka chini, zikafungua milango na kukataa kupanda, kama zilivyopangwa, milango ya koridoni inayoshikiliwa na sumaku ikaachia, ikajifunga kwa kishindo mmoja baada ya mwingine. Kisha milango ya vyumba ikaanza kufunguka na watu kutoka.

Ukitaka kujua mtu anathamini nini duniani, mtoe hotelini usiku kwa king'ora. Mmoja alitoka na mto. Mmoja alitoka na rimoti ya televisheni, akaishika hadi mwisho kana kwamba ndiyo pasi yake ya kusafiria. Kijana mmoja alikuwa na povu la shampuu hadi mabegani na taulo lililompungukia upande. Mume na mke wakashuka ngazi wakilaumiana kuhusu ni nani aliyechagua hoteli hii. Nikachukua tochi na orodha ya wageni, nikawapeleka mahali pa kukusanyikia, nikaanza kuita vyumba kwa sauti ya mamlaka.

"Mia mbili na moja!"

"Tupo," wakajibu, wakinitazama juu ya macho.

"Mia mbili na mbili!"

"Tupo." Nao wakanitazama juu ya macho.

Nikadhani ni heshima. Niliposema "mia mbili kumi na sita," yule mama mjamzito akasogea karibu, akauliza kwa upole, "Samahani kaka, hiyo kofia ni sehemu ya taratibu?"

Ikumbukwe kofia ile ndiyo ilikuwa ushahidi wangu mkuu. Na sasa watu wote wa jengo lile wangeweza kuapa waliiona wapi.

Nilipofika 214, jibu lilitoka pembeni, kwenye kibanda. Wenye hoteli, kwa sababu wanazozijua wao, waliweka mahali pa kukusanyikia kando ya sehemu iliyotengwa kwa kuvuta sigara. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi, amekunja nne, amewasha. Halali kabisa, chini ya kibao chetu wenyewe kinachomruhusu. Wavutaji wengine waliotoka bila pakiti zao wakamzunguka, naye akawagawia mmoja mmoja, akiwaeleza habari za Ireland. Yule wa shampuu alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Niseme ukweli, hakuna mgeni aliyependwa usiku ule kuliko yeye.

Zimamoto wakafika na gari kubwa. Kiongozi wao akapanda na mimi hadi 214, akanusa, akatazama kitambua moshi, akatazama chupa ya manukato.

"Nani alikifunika?"

"Mgeni."

"Kwa kitu gani?"

Nikamwonyesha kofia. Nilikuwa nimeivua wakati huo, lakini mpira wake ulikuwa umeniachia alama kwenye paji la uso, na yeye alikuwa anaisoma alama. Akasema kukifunika kifaa kile ni kucheza na roho za watu, na akasema akinitazama mimi.

Asubuhi mzee akashuka mapokezi na malalamiko yaliyoandikwa vizuri, kurasa mbili. Mfanyakazi aliingia chumbani kwake usiku, akapanda kwenye samani, akachokoza kifaa cha usalama, kengele ikalia, yeye akakosa usingizi. Alitaka kurudishiwa pesa za usiku mzima. Meneja akaomba rekodi ya kisanduku cha kengele: 02:17, chumba 214. Mzee akasema ni sawa, muda huo hakuna aliyekuwa anavuta, yalikuwa ni manukato, na shahidi wake ni mimi. Ilikuwa kweli tupu. Meneja akaomba picha. Bi Mkubwa alikuwa amepiga picha nzuri sana ya mimi nimesimama kitini na kiganja changu kimefunika kitambua moshi chote. Kofia haionekani. Anayeonekana ni mtu wa hoteli anahujumu hoteli.

Meneja alikuwa ameanza kufungua droo ya pesa niliposikia viatu vya Bi Mkubwa. Alikuwa anatoka 214 na sinia, juu ya sinia kuna kitambaa cheupe, juu ya kitambaa birika la umeme la kuchemshia maji ya chai. Akaliweka mbele ya mzee kwa adabu zote, akafungua kifuniko. Vipisi vitatu, vimelala kwenye maji ya rangi ya chai iliyokolea. Vile choo kilivyovikataa, vilikuwa vimehamishiwa huku.

Mzee akainama, akavitazama kwa makini, akanyooka.

"Hivi si vyangu," akasema. "Mimi navuta zenye kichungi cheupe."

Pakawa kimya. Hata mtu wa mizigo alisimamisha toroli.

"Vichungi vyeupe," meneja akarudia polepole, akachukua kijiko, akageuza kipisi kimoja. Kikawa cheupe upande usiolowa.

Mzee akatoa kadi yake ya benki bila neno. Malalamiko akayakunja, akayatia mfukoni. Nilipoanza kuandika risiti akanisogelea, akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana hofu ya kweli.

"Mwanangu, hapo kwenye maelezo usiandike sigara. Mke wangu ndiye anayekagua risiti. Anajua niliacha zamani."

Hapo ndipo yale manukato yaliponiingia akilini. Ule haukuwa mkono wa mtu aliyeanza jana. Nikaandika: "Usafi wa mapazia." Bi Mkubwa akasoma akiwa nyuma ya bega langu, akaninyang'anya kalamu, akaongeza kwa mwandiko wake: "na birika."