Hawa watu ishirini walitoka wapi?

Jumanne iliyopita mwanangu wa kati, mwenye miaka kumi, alifunga kitabu chake cha historia katikati ya ukurasa akaniuliza: "Mama, hawa watu ishirini walikuwa akina nani kabla ya kupanda meli?"

Kitabu kilikuwa kimefika mwaka 1619. Kilisema Waafrika waliletwa Virginia, koloni la Waingereza huku Marekani, ishirini na ushei, kisha kikahamia kwenye kilimo cha tumbaku. Watu walipata sentensi moja. Tumbaku ilipata kurasa mbili na picha.

Huu ni mwaka wetu wa nne wa kusomesha watoto nyumbani, na ni mwaka wa historia ya Marekani. Tulipokutana na wazazi wenzetu mwezi uliopita niliwaambia nataka kuongeza vitabu vya historia ya dunia humo humo. Mama mmoja, aliyenitangulia sana katika kazi hii, akaniambia kwa upole kwamba nitawachanganya watoto, kwamba historia ya dunia ina mwaka wake. Nilinyamaza kwa heshima. Lakini tangu swali lile la Jumanne sijatulia, na jibu ambalo sikumpa siku ile ni hili.

Mwaka 1619 haufundishiki bila Ndongo. Watu wale walitoka katika ufalme wa Ndongo, nchi ambayo leo ni sehemu ya Angola, na jina lenyewe la Angola limetokana na ngola, cheo cha mfalme wao. Walikuwa na mji mkuu, Kabasa. Mwaka 1618 na 1619 majeshi ya Wareno, yakisaidiwa na wapiganaji wa Imbangala, yaliivamia nchi ile na kuteka watu kwa maelfu. Mateka wakaswagwa hadi Luanda, wakapakiwa katika meli ya Kireno iliyokuwa ikienda Veracruz, Meksiko. Kabla haijafika, meli mbili za Waingereza zikaivamia na kupora sehemu ya watu waliokuwemo. Moja ya hizo, White Lion, ndiyo iliyotia nanga Point Comfort, Virginia, na watu wale wakabadilishwa kwa chakula.

Wareno, Waingereza, Ndongo, Meksiko, wote wamo ndani ya tukio moja. Ukiliondoa lote hilo ili mtoto asichanganyikiwe, kinachobaki ni watu weusi wanaotokea baharini bila mama, bila mji, bila lugha. Mtoto anayesoma hivyo haoni kwamba kuna kitu kimekatwa. Anaamini hakikuwapo. Na mwanangu ni mtoto mweusi anayekulia katika nchi hii. Sitamruhusu aamini hivyo hata kwa mwaka mmoja, akisubiri zamu ya historia ya dunia ifike.

Siku ile ile tulitandaza ramani sakafuni. Nikamweleza kwamba watu wa Ndongo walizungumza Kimbundu, na kwamba kwa Kimbundu mtu ni mutu. Akanitazama. "Kama sisi?" Kama sisi. Alilirudia neno lile jioni nzima, mezani na kitandani. Alhamisi tulisoma habari za malkia Njinga, aliyetwaa utawala wa Ndongo mwaka 1624 na kupambana na Wareno kwa miongo, hadi akafia utawalani mwaka 1663. Inasimuliwa kwamba alipokwenda Luanda kwa mazungumzo gavana wa Kireno hakumpa kiti, naye akamwamuru mmoja wa wafuasi wake ainame, akamkalia mgongoni ili wazungumze wakitazamana sawa. Wanangu walibishana sana juu ya yule aliyekaliwa, kama alitendewa haki. Huo ubishi nilikuwa nautafuta tangu Septemba.

Binti yangu mkubwa ndiye aliyetukuta na orodha ya wakazi wa Virginia ya mwaka 1625. Wamo Antoney na Isabell, Waafrika, na mtoto wao William, aliyebatizwa. "Kwao waliitwaje?" akauliza. Hakuna aliyeandika.

Mifano mingine imejaa. Makasha 342 ya chai yaliyotupwa bandarini Boston mwaka 1773, watu wakipinga kodi ya Waingereza, yalikuwa na chai ya China, iliyoletwa na kampuni ya Kiingereza iliyokuwa inazama katika madeni. Yorktown mwaka 1781, pale Waingereza waliposalimu amri katika vita vya uhuru wa Marekani, haielezeki bila manowari za Wafaransa. Napoleon, mtawala wa Ufaransa, aliiuzia Marekani Louisiana mwaka 1803, na mtoto asiyesoma jinsi watu wa Haiti walivyoliangamiza jeshi lake hawezi kuelewa ardhi yote ile iliuzwaje kwa dola milioni 15.

Kuna moja inayonigusa mimi mwenyewe. Nilisoma Tanga. Tulifundishwa kwamba pembe za ndovu zilipelekwa ng'ambo, na hakuna mwalimu aliyetuambia ng'ambo ipi. Nimekuja kuijua nikiwa mtu mzima, nikitayarisha masomo ya wanangu. Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, kule Muscat, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, mji wa bandari wa Massachusetts, akafika Zanzibar kuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Meli za Salem ziliondoka Zanzibar na pembe, sandarusi na ngozi. Pembe nyingi ziliishia vijiji vya Connecticut, zikachongwa kuwa vibao vya piano. Na meli hizo zilikuja na nguo, ile nguo nzito ya pamba ambayo hadi leo jina lake ni amerikani. Ilifumwa Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini mwa Marekani. Kule kwetu ikawa fedha: ilimlipa mpagazi, ikatolewa hongo kwa machifu njia nzima ya Tabora na Ujiji.

Tulimpigia bibi yao simu. Anaikumbuka, anasema mito ya kwao ilishonwa kwa amerikani na ilidumu mpaka watoto wakasahau ilinunuliwa lini. Wanangu walikuwa wametoka kusoma sura ya mashamba ya pamba ya Mississippi. Walinyamaza kabisa.

Nakubali kwamba muda ni tatizo. Wiki mbili za mwanzo nilizidisha, mdogo akalia, na nikaacha kazi za kukata na kubandika zilizokuwa kwenye mtaala ili nipate nafasi. Nakubali pia kwamba watoto hawa wataishi hapa, watapiga kura hapa, na wanapaswa kuijua Katiba ya nchi hii vizuri kuliko ninavyoijua mimi. Ndiyo maana siku nne za wiki ni za kitabu cha Marekani, bila kukiruka. Ijumaa ndiyo ya dunia: sura moja, kwa sauti, ramani chini, na swali ni lile lile kila wiki, miaka hiyo hiyo kwingine kulikuwa na nini.

Ijumaa hii tumeruka mbele kidogo, kwa ombi la mwanangu, mpaka 1861. Amesoma kwamba vita vya Kaskazini na Kusini vilikwamisha pamba, na amehesabu mwenyewe kwamba basi na amerikani ilipungua Zanzibar. Nimemtafutia habari za nguo za India na Uingereza zilizoingia kuchukua nafasi yake. Hazikumtosha. Amemwachia bibi yake ujumbe wa sauti, anauliza wapagazi walilipwa kwa kitu gani miaka ile. Bibi amejibu kwamba hayo ni ya kabla ya bibi yake yeye, lakini yuko mzee mmoja Pangani atakwenda kumuuliza.