Pengo kwenye diski halitoshi, hesabu mizunguko

Kila picha mpya ya diski ya gesi na vumbi inayozunguka nyota changa, ambamo sayari huzaliwa, ikitoka, wengi huona pete nyeusi na kutangaza papo hapo kwamba sayari imepita hapo. Haraka ya nini? Pete za nyota changa HL Tauri, zilizonaswa na darubini ya redio ya ALMA mwaka 2014, zinaweza kuelezwa bila sayari, kwa mfano kwa gesi kuganda kuwa barafu katika umbali fulani kutoka kwenye nyota. Nyota changa PDS 70 ni habari nyingine, maana ndani ya uwazi wake sayari mbili zimeonekana zenyewe. Hata hivyo, picha haisemi zilianzia wapi, yaani kama zimehama kutoka zilipozaliwa.

Namna sayari inavyohama si fumbo kubwa. Uvutano wake huikunja gesi iwe mikono miwili. Mkono wa ndani hutangulia mbele na kuisukuma sayari nje. Wa nje hubaki nyuma na kuiburuta ndani. Kwa kawaida wa nje hushinda, na uzito hausaidii: sayari ikinenepa, huhama kwa kasi zaidi. Kwa sayari ya uzito wa Dunia, mahali ilipo Dunia, hesabu ya kawaida hutoa miaka 100,000 hivi kabla ya kuangukia nyota yake, ilhali diski hudumu mamilioni kadhaa ya miaka. Kwa hesabu hiyo tu, tungekuwa tumeshaungua zamani.

Kwa hiyo cha kutafuta ni breki. Moja ni ukingo wa ndani wa diski, gesi inapokatika ghafla. Nyingine ni sayari kukua kufikia kiasi cha Mshtarii, ikafagia gesi njiani mwake. Hapo mwendo hupungua, ingawa haukomi.

Ushahidi ninaouamini kwamba sayari huhama uko kwenye mizunguko, yaani muda ambao kila sayari huchukua kuizunguka nyota yake. Chukua sayari saba za nyota TRAPPIST-1: siku 1.51, 2.42, 4.05, 6.10, 9.21, 12.35 na 18.77. Gawa kila namba kwa iliyoitangulia, utapata karibu kabisa na 8/5, 5/3, 3/2, 3/2, 4/3, 3/2. Sayari saba hazijipangi hivyo kwa bahati. Ya nje huisogelea ya ndani polepole, zinanaswa kwenye uwiano kama huo wa namba nzima ndogo, kisha zinahama zikiwa zimefungana kama mnyororo.

Pingamizi lipo, na ni zito: jozi nyingi za sayari jirani zilizogunduliwa na darubini ya anga ya Kepler hazina uwiano huo. Jibu linalonishawishi ni kwamba minyororo ilifungwa, kisha ikakatika gesi ilipotoweka, kwa kuwa gesi ndiyo iliyokuwa ikituliza misukosuko ya sayari hizo.