Nilifaulu kipimo cha kina kwa jicho moja

Marehemu baba yangu aliuza kahawa tungu Mji wa Kale, Mombasa, na nilipotimiza miaka kumi nikaanza kumsaidia jioni. Kazi yenyewe mwaijua: dele mkono mmoja, vikombe mkono wa pili. Baba alikuwa akiliinua dele juu, kahawa ikashuka nyembamba kama uzi na tone lisianguke chini. Mimi ilikuwa lazima mdomo wa dele uguse ukingo wa kikombe kwanza, ti!, ndipo nimimine. Wazee wa barazani walinicheka kweli. "Mwanangu, mbona kikombe wakipigia hodi?" Baba alidhani ni woga. Hata mimi nilidhani hivyo.

Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba sioni kina, yaani macho yangu mawili hayashirikiani kunionyesha kitu kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Nilikuwa na makengeza tangu uchanga, nikafanyiwa upasuaji nikiwa darasa la pili, macho yakanyooka, na leo ukinitazama hutajua kitu. Lakini macho kunyooka ni jambo moja na kushirikiana ni jambo jingine. Ubongo wangu ulikuwa umeshazoea kulisikiliza jicho moja na kulinyamazisha la pili. Ndio uelewano wao hadi leo.

Na kila nilipopimwa, nilipita. Ziba la kushoto, soma. Ziba la kulia, soma. 6/6 huku, 6/6 kule, yaani kila jicho zima, haya nenda zako. Hakuna aliyewahi kuuliza macho haya yanafanya nini yakiwa wazi yote mawili, ilhali ndivyo ninavyoyatumia kutwa nzima. Nalalamikia jambo hilo, na jingine linalofuata: hata pale kina kinapopimwa, mara nyingi namba inaandikwa kana kwamba imepimwa kwa mizani ya sokoni.

Simama uchochoroni karibu na msikiti wa Mandhry, nyoosha kidole mbele ya ule mnara wake, kisha fumba jicho moja, badilisha, fumba la pili. Kidole kinaruka. Macho yako yamepishana kama sentimita sita hivi, kwa hiyo kila moja linaleta picha yake. Charles Wheatstone wa Uingereza alionyesha mwaka 1838, kwa chombo cha vioo viwili, kwamba ubongo huzichukua picha hizo mbili zisizolingana sawasawa na kutoa humo umbo lenye kina. Mimi nikifumba na kufumbua, kidole kinaruka vizuri tu. Nikifumbua yote mawili, ule mruko hauna faida yoyote kwangu.

Sasa nisikilizeni kilichonipata. Niliwahi kujitolea kwenye utafiti mmoja wa macho hapa mjini. Nikavishwa miwani ya polaroidi, ile ambayo kila kioo hupitisha picha ya jicho lake tu, nikawekewa kitabu cha kipimo cha nzi. Kina picha kubwa ya nzi, na pembeni makundi tisa ya duara nne nne. Katika kila kundi, duara moja linatakiwa lionekane limeinuka kutoka kwenye karatasi.

"Kaka, lipi limetokeza?" akauliza dada aliyekuwa akipima.

"La chini."

"Hapa?"

"La kushoto."

Nikaenda hivyo hadi kundi la nne, yote sahihi, ndipo nikashindwa. Akaandika 140. Kama angeniuliza nimejuaje, ningemwambia ukweli: hakuna duara lililoinuka hata moja. Ila lile moja lilikuwa limesogea kando kidogo, haliko katikati kama wenzake. Jicho moja latosha kuliona hilo. Sikukusudia kudanganya. Niliulizwa lipi limetokeza, nikataja lililo tofauti.

Baadaye akaja mwenzake na kitabu kingine, cha TNO, chenye miwani ya kijani na nyekundu. Kurasa zake ni vidoti vitupu vilivyomwagwa ovyo, na umbo lililofichwa humo halionekani mpaka ubongo uunganishe picha mbili. Mbinu ya vidoti ni ya Béla Julesz, Mhungari aliyekuwa akifanya kazi maabara za Bell huko Marekani, karibu na mwaka 1960. Nikaangalia, nikageuza kichwa, nikaangalia tena.

"Naona mchanga, dada."

Mtu mmoja, asubuhi moja, kipimo kimoja kinasema 140 na kingine kinasema hana kabisa.

Namba hizo ni sekunde za pembe: ile tofauti ndogo kabisa kati ya picha za macho mawili ambayo mtu anaweza kuigundua, na kadiri namba ilivyo ndogo ndivyo anavyoona kina vizuri zaidi. Gawa duara zima nyuzi 360, kila nyuzi dakika 60, kila dakika sekunde 60. Ni kipande kidogo mno, lakini kigeuze kiwe kitu cha mkononi na kinaeleweka: kwenye kitabu kilicho sentimita 40 kutoka usoni, sekunde 40 ni tofauti ya kina ya karibu nusu milimita. Fundi cherehani anayetia uzi tunduni yuko huko. Sekunde 800, duara la kwanza kabisa, ni karibu sentimita nzima. Na hesabu hii inakwenda kwa mraba wa umbali, kwa hiyo ukitoka sentimita 40 ukaenda mita sita, zile zile sekunde 40 zinakuwa kama sentimita 11. Kuna watu, hasa wenye makengeza ya kuja na kuondoka, wanaoona kina vizuri kitabuni na kukipoteza wakiangalia mbali. Ukiwapima karibu tu, utasema wazima.

Kwa hiyo namba isiyo na jina la kipimo ni sawa na bei isiyo na kipimo cha kilo. Mia mbili ya nini? Kipimo cha Frisby hakina miwani wala hila. Ni vibao vya plastiki angavu na kina chake ni unene wa kibao chenyewe, lakini mtoto akitikisa kichwa tu, jicho moja litamwibia jibu. Kadi ya Lang nayo haina miwani, ila ukiiinamisha siri inavuja. Kila kimoja kina mlango wake wa nyuma. Mpimaji mzuri anaujua, na anaandika kama ulifungwa.

Halafu liko hili linalonikera zaidi: ile "hana". Tuseme utafiti una watoto thelathini, kumi kati yao hawaoni kina hata chembe. Mtafiti anataka wastani. Atamwandikia nini asiye nacho? Wengine huwapa namba ya kubuni, labda mara mbili ya ile kubwa kabisa kitabuni, kisha wanajumlisha na kugawanya. Huko ni kutafuta bei ya wastani ya nguru kwa kuhesabu na siku ambazo nguru hakuingia sokoni. Asiye na kina hayuko mbali zaidi kwenye rula ile ile, yuko nje ya rula. Mhesabu kando, sema ni kumi kati ya thelathini, nami nitakuelewa.

Najua nitaambiwa watoto wetu wengi hata miwani ya kawaida hawana, kina ni anasa. Nakubali nusu. Kule Trans Nzoia, magharibi mwa Kenya, utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulihusisha shule 50: walimu walipima macho kwa simu na wazazi wakatumiwa ujumbe. Waliofika hospitalini kati ya waliotakiwa kwenda walikuwa 54 kwa mia, dhidi ya 22 kwa njia ya zamani. Kazi kubwa, na ilianza na ukali wa kuona, ilivyostahili. Lakini mwalimu aliyekwisha kumkalisha mtoto kitini, kadi isiyo na miwani ingemchukua dakika moja zaidi. Na dakika hiyo ina umri wake. Watafiti wa ubongo Hubel na Wiesel walipata tuzo ya Nobel mwaka 1981 kwa kazi iliyoonyesha, pamoja na mengine, kwamba ubongo mchanga una majira yake ya kujifunza kutumia macho. Majira hayo hayafungwi kwa kufuli: Susan Barry, mwanasayansi wa Marekani aliyekuwa na makengeza tangu utotoni, alianza kuona kina akiwa na miaka 48 baada ya mazoezi. Mimi pia niliyajaribu hayo mazoezi. Bado nazidi kugusa ukingo wa kikombe.

Mwezi uliopita nilimpeleka binti wa dada yangu, miaka mitano, jicho lake la kushoto lilikuwa likikimbia jioni akichoka. Akavishwa miwani, akafunguliwa nzi. Akarudi nyuma hadi kiti kikalia. Alipoambiwa amshike bawa, vidole vyake vikabana hewa, juu kabisa ya karatasi, kama anayeokota kitu ambacho mimi sikioni.

"Mjomba, mtoe!"

Nikaweka mkono wangu bapa juu ya picha. Akacheka, akasema nimempitisha mkono tumboni.

Nikaomba apimwe na kwa kadi ya Lang, na pia kitu cha kutazama mbali. Dada wa zahanati aliguna kidogo, foleni ilikuwa ndefu, lakini akaitoa kadi na kuishika wima. Mtoto akaonyesha paka, nyota, gari. Kwenye mbali akasitasita, akakosea mawili. Karatasi aliyonipa ina mistari mitatu, kila mmoja na jina la kipimo na umbali wake, na tarehe ya kurudi ni baada ya miezi mitatu.