D51 za bustanini: ziwashwe moto au ziezekwe paa?

Kati ya mwaka 1936 na 1945 viwanda vya Japani viliunda injini 1,115 za mvuke za aina ya D51 kwa ajili ya reli ya taifa. Hakuna aina nyingine ya injini nchini humo, iwe ya mvuke, dizeli au umeme, iliyowahi kufikia idadi hiyo. Zilisanifiwa chini ya Hideo Shima, yuleyule aliyekuja kuongoza kazi ya Shinkansen, treni ya mwendokasi, zikavuta mizigo kwenye reli ya upana wa milimita 1,067, kipimo kilekile cha TAZARA. Zimesalia takriban 170. Zinazovuta abiria kwenye njia kuu ni mbili tu: namba 498 ya JR East na namba 200 ya JR West, kampuni zilizorithi reli ya taifa. Nyingine zimesimama kwenye bustani, viwanja vya makumbusho na mbele ya stesheni, nyingi zikitunzwa na manispaa zilizokabidhiwa kwa mkopo zama za mvuke zilipokwisha.

Wanaotaka injini zaidi ziwashwe wana hoja nzito. Namba 498 yenyewe ilikuwa imesimama nje ya stesheni ya Gokan, Gunma, hadi ilipofufuliwa mwaka 1988. C61 20, yaani namba 20 ya aina ya C61, ndugu yake wa treni za abiria, ilitolewa kwenye bustani ya Isesaki ikarudi kazini mwaka 2011. Hoja yenyewe ni ujuzi. Boila baridi haiwashwi kwa pupa: moto hukuzwa polepole kwa saa nyingi ili bamba la tanuru, mabomba ya moshi na boliti za kushikilia kuta zitanuke kwa pamoja, la sivyo viungo huanza kuvuja. Maji nayo lazima yafunike dari ya tanuru muda wote. Yakishuka, dari hupata joto kupita kiasi na kulainika, na vizibo vya madini ya risasi vilivyowekwa humo huyeyuka ili mvuke uzime moto. Mambo haya hujifunzwa kwa mikono, na mkono usiofanya kazi husahau.

Lakini injini inayotembea hula mwili wake. Mabomba hutobolewa na kutu na uchakavu, hubadilishwa. Mikanda ya chuma ya magurudumu huisha, hubadilishwa. Metali nyeupe, ile laini inayotandikwa ndani ya beringi, humiminwa upya. Kila matengenezo makubwa huondoa sehemu ya chuma cha asili, na mtafiti wa kesho atakuta injini yenye namba ya zamani na viungo vya juzi. Tena injini peke yake haitoshi. Treni ya SL Ginga, iliyovutwa na C58 239, ilisitishwa mwaka 2023 kwa sababu mabehewa ya dizeli yaliyoisaidia kwenye milima yalikuwa yamezeeka.

Upande wa zilizosimama, hali inatia uchungu. Watu hudhani chuma kikipakwa rangi kimepona. Kutu huanzia ndani: majivu yaliyoachwa kwenye tanuru na kisanduku cha moshi hunyonya unyevu na kuwa tindikali, mvua hupenya chini ya bati la kufunika boila, ikanaswa hapo miaka kwa miaka. Bati likitoboka, asbesto iliyozungushiwa boila huachwa wazi, na kuiondoa kwa usalama ni kazi ghali. Hapo ndipo manispaa nyingine huamua injini ikatwe.

Kuna njia ya tatu ambayo naona haijapewa uzito unaostahili: hewa ya kushindiliwa. D51 146 kule Mooka na D51 827 kule Aridagawa hutembea mita chache kwa kompresa, hewa ikiingia kwenye silinda badala ya mvuke. Hakuna moto, boila haibebi shinikizo, ila pistoni, vali na fito za magurudumu hucheza kweli na hulazimu kupakwa oili. Mchochea moto hafundishwi hapo, na hilo ni pengo la kweli. Fundi wa viungo hufundishwa.

Ningeacha mbili zilizopo ziendelee na moto, kisha fedha iende kwenye mapaa. Sababu ni kwamba aina hii haikuwa moja. Injini 95 za mwanzo zilikuwa na kifuniko kirefu juu ya boila, zikaitwa Namekuji, yaani konokono asiye na gamba. Za mwisho wa vita zilitumia mbao kwenye njia za pembeni na ngao za moshi kwa uhaba wa chuma. Tofauti hizo zimo bustanini.

Paa nalo lina hatari yake. D51 241, iliyovuta treni ya mwisho ya kawaida ya mizigo kwa mvuke tarehe 24 Desemba 1975, iliungua ndani ya banda la Oiwake, Hokkaido, mwezi Aprili uliofuata. Kwa hiyo banda la wazi pembeni lafaa kuliko lililofungwa. Chini yake kazi huenda kwa mpangilio: kutoa majivu yote, kuondoa maji kwenye boila na tenda (behewa la makaa na maji), kupima asbesto kabla ya kugusa bati lolote, kuziba kichwa cha dohani, kukwangua rangi kwenye fito na kuzipaka grisi, kisha kuzungusha magurudumu mara kwa mara ili beringi zisigandie mahali pamoja. D51 320 ya Abira, karibu na pale 241 ilipoungua, imedumu kwa kutunzwa kwa makini.