Kompyuta ya mezani na uniti 75 za LUKU

Ukishauri nyumbani kwamba kompyuta ipangwe ijilaze yenyewe (Sleep) ikikaa bila kazi, jibu huja haraka: "Hiyo inakula nini? Anza na pasi." Hoja hiyo ina ukweli wake, hasa kwa mwenye laptopu. Ikikaa bure hutumia wati chache tu, na nyingi hutoka dukani zimeshapangwa kujilaza.

Kompyuta ya mezani, ile ya mtumba tuliyo nayo wengi, ni habari nyingine. Juzi usiku nilizima kila kitu, friji pia, nikabakiza kompyuta imewashwa bila kazi yoyote. Nikasimama mbele ya mita na saa mkononi. Taa nyekundu ya mita yangu huwaka mara 1,000 kwa kila uniti. Ikawaka, zikapita sekunde 45, ikawaka tena. Hizo ni wati 80. Nilipoilaza, nilisubiri zaidi ya dakika kumi ndipo taa ikawaka mara moja.

Sasa hiyo pasi: wati 1,200 kwa dakika 20 za kunyoosha sare za watoto ni uniti 0.4. Kompyuta iliyoachwa imewashwa kwa muda wa saa nane usiku ni uniti 0.64. Kwa mwezi zinafika 19, na hapo ndipo penye uzito. Mteja mdogo wa TANESCO, ambaye wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Wa kawaida hulipa 292. Nyumba ya uniti 65 ikiongezewa 19 inakuwa na 84. Ikizoea hivyo ikahamishwa kundi, bei mpya haigusi kompyuta peke yake, inagusa na feni, na taa, na friji ya barafu za kuuza. Kutoka shilingi 6,500 hadi 24,528, kwa mashine ambayo hakuna aliyekuwa ameikalia!

Wanaoogopa kuilaza kwa sababu ya umeme kukatika wana haki. Kompyuta iliyolala hushikilia kazi kwenye RAM, yaani kumbukumbu yake ya muda, na RAM bila umeme husahau. Usichohifadhi kinaweza kupotea. Dawa ipo kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, inaitwa Hibernate, na mara nyingi imefichwa hadi uiruhusu. Yenyewe huandika kila kilichofunguliwa kwenye diski, kisha mashine inazimika kabisa. Ukiwasha, unakuta dirisha lako lilivyokuwa. Zile picha zinazoelea kwenye skrini hazisaidii kitu. Zilibuniwa kulinda skrini za zamani za kichogo.

Anayebaki na sababu ya kweli ni mwenye bando la usiku, anayepakua masomo au programu wengine wakiwa wamelala. Huyo asiilaze. Ila faili haihitaji skrini ili ishuke: aipange skrini ijizime baada ya dakika tano, na mashine izimike upakuaji ukiisha.