Nyumba ya marehemu: kuuza au kupangisha?

Arobaini ikishapita, familia nyingi za Dar es Salaam hugawanyika. Kuna wanaotaka nyumba iuzwe kila mtu achukue chake, na kuna wanaosema nyumba ya baba haiuzwi. Msimamizi wa mirathi hubaki katikati, na wengi huharibu kwa kutoamua: miaka inapita, hati ina jina la marehemu, kodi ya pango inaishia mfukoni mwa anayeishi karibu.

Tupige hesabu. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba vinane Magomeni, mjane anakaa viwili, sita vimepangishwa kwa shilingi 70,000 kila kimoja. Kwa mwaka ni 5,040,000. Ondoa kodi ya zuio, yaani ya mapato ya pango, asilimia 10, kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla (1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida), kodi ya ardhi, bati na kunyonya choo. Tuseme imebaki 3,500,000. Kwa mgawo wa Kiislamu, mjane mwenye watoto hupata thumni (moja ya nane), yaani 437,500. Wakiwa wana wawili na mabinti watatu, kila binti hupata 437,500 na kila mwana 875,000. Binti huyo analipwa kama 36,000 kwa mwezi. Ndiyo maana anataka nyumba iuzwe, na si tamaa.

Lakini kuuza nako kuna gharama zake. Nyumba kuukuu ya mtaa ule haina thamani kubwa; kinachonunuliwa ni kiwanja. Faida hutozwa kodi ya ongezeko la mtaji asilimia 10, na pasipo risiti za kuthibitisha gharama ya ujenzi, kama nyumba za miaka ya sabini, hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, yoyote iliyo kubwa. Dalali naye ana chake. Kisha mjane: thumni ya bei mara nyingi haimnunulii hata chumba na sebule mtaa uleule, labda kiwanja Chanika, pembezoni mwa jiji.

Kisheria, msimamizi ana mamlaka ya kuuza kwa barua yake ya usimamizi. Lakini wakili makini wa mnunuzi atadai muhtasari wa kikao cha ukoo na saini za warithi, kwa sababu mmoja asiyeridhika anaweza kuweka pingamizi la uhamisho kwenye daftari la ardhi na biashara ikasimama. Saini zikusanywe kabla mnunuzi hajatafutwa. Na msimamizi asijiuzie, wala asimuuzie mkewe, hata kwa bei nzuri.

Kwa maoni yetu, mjane akiwa bado anaishi humo, kupangisha kuna hoja nzito zaidi, ila kwa masharti. Mirathi iliyofunguliwa Mahakama ya Mwanzo inatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni, Fomu Na. 5, ndani ya miezi minne, kisha hesabu kwenye Fomu Na. 6. Kwa mirathi ya Mahakama Kuu ni orodha ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka. Nyumba ihamishwe kwanza kwa jina la msimamizi kama msimamizi, halafu kwa warithi. Hapo ndipo wengi huteleza: wakiandikishwa kuwa na umiliki wa pamoja usio na hisa, anayekufa sehemu yake huenda kwa walio hai, wala si kwa watoto wake. Sehemu ya kila mmoja iandikwe: thumni, thumni mbili.

Mrithi mwenye fedha anaweza kuwalipa wenzake. Hapo bei ipangwe na mthamini aliyesajiliwa, iandikwe na tarehe ya malipo ya mwisho.

Kaka anayekaa chumba cha mbele, kimoja kati ya vile sita, bila kulipa naye ahesabiwe: 70,000 zake ziingie kwenye mapato, zikatwe kwenye mgawo wake wa mwaka. Kwa mwaka ni 840,000, karibu mgawo wake wote wa 875,000, na mara nyingi ugomvi unaosemwa ni wa kuuza nyumba chanzo chake ni chumba hicho.